Mkutubi wa Nkwenda Aliyewafuata Wasomaji Kwenye Foleni ya Kahawa

Mizani ya kahawa bado haijafunguliwa, lakini foleni imeshafika barabarani. Wakulima wameketi juu ya magunia yao, wamejikunyata kwa ukungu wa Nkwenda. Adventina Kokuhirwa anakuja taratibu akisukuma baiskeli. Nyuma amefunga sanduku la mbao lenye kifuniko cha bati.

"Shikamooni, wazee. Jana tuliishia wapi?"

"Marahaba, mama. Tuliishia kwenye ng'ombe anayeharisha," anajibu mzee mmoja, na foleni inaangua kicheko.

Anatoa kitabu cha ufugaji na kumpa Mukamusoni, mama wa watoto wanne anayefanya vibarua vya shamba huko Kimuli. Mzee aliyejibu anasogeza gunia lake ili msomaji apate pa kukaa. Mukamusoni anasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Neno likiwa gumu, Adventina analieleza kwa Kinyambo, lugha ya hapa. Hakuna anayemharakisha msomaji.

Adventina ana miaka 51. Amekuwa mkutubi wa kijiji tangu mwaka 1978, kisomo cha watu wazima kilipoleta masanduku mawili ya vitabu. Leo vitabu ni 386, na maskani yake ni chumba kimoja kisicho na umeme, kando ya ofisi ya kijiji. Posho yake ni shilingi elfu mbili kwa mwezi, na kuna miezi haiji.

Januari mwaka huu wa 1993 nusura apoteze chumba hicho. Daftari lake la Desemba lilionyesha wasomaji kumi na mmoja tu, na kijiji kilikuwa kinatafuta ghala.

"Sikuwa na ubaya naye," anasema mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yustus Rwegoshora. "Kahawa yetu ililowa mwaka jana. Nikamwambia, mama, kahawa inasomesha watoto wetu. Hivyo vitabu vyako vinamsomesha nani, panya?"

Halmashauri ya kijiji ilimpa muda hadi mwisho wa Agosti. Afikishe wasomaji sitini kwa mwezi, au arudishe ufunguo.

Mwezi Machi ikaja barua ya mkutano wa wakutubi mjini Mwanza, kujifunza matumizi ya kompyuta. Aliyealikwa ni mkutubi mwenzake wa Kayanga, lakini alikuwa amejifungua juzi tu. Badala ya kuacha nafasi ipotee, aliandika jina la Adventina. Muuguzi mmoja wa Nyakahanga akamwazima sweta la safari.

"Waliniaga kama bibi harusi," anakumbuka Adventina. "Kila mtu aliamini nitarudi na kompyuta mgongoni."

Chumba cha kompyuta kilikuwa baridi, na mlangoni waliambiwa wavue viatu ili vumbi lisiingie. Hapo Adventina akafanya alivyolelewa. Kwao, ukivua viatu mlangoni umeingia nyumba iliyotandikwa nyasi, na mwanamke mwenye adabu huketi chini. Akaketi sakafuni, akakunja miguu, akasubiri kusalimiwa.

Wengine wote walikuwa wamesimama. Mtu mmoja nyuma alicheka.

"Niliona aibu, waitu! Nikaanza kukusanya kanga yangu niinuke," anasema.

Ndipo Therese, mkutubi kutoka Kasulu ambaye hakuwa amemjua kabla ya asubuhi hiyo, akaketi kando yake. "Afadhali umeanza, dada," akamwambia. "Miguu inaniuma tangu kwenye treni." Xaveri, mkutubi wa Biharamulo, naye akashuka chini. Wakati wa chai, watu tisa walikuwa sakafuni.

Mtaalamu aliwaonyesha jinsi kompyuta inavyopata kitabu kimoja kati ya elfu kumi, papo hapo. Wakapiga makofi. Adventina akanyoosha mkono.

"Mwanangu, inaweza kumtafuta msomaji?"

"Hapana, mama," alijibu yule kijana kwa upole. "Hiyo bado."

Swali hilo lilifungua midomo. Kumbe wengi walikuwa na rafu zilizojaa na madaftari matupu. Xaveri akasimulia kwamba yeye hupakia vitabu kwenye baiskeli na kuvipeleka mashineni, watu wanaposubiri unga wao. Therese akaeleza kwamba kwao mmoja husoma kwa sauti, kisha wanaovutiwa wanaazima.

Walipofika kwenye wadudu wanaokula karatasi, Adventina naye alikuwa na la kusema. Yeye huweka vitabu vyake siku mbili juu ya uchaga wa jikoni, kama mbegu za maharage.

"Vinanukia moshi, lakini kurasa zote zipo," aliwaambia.

Mtaalamu wa kompyuta alichuchumaa na daftari lake. "Moto wa namna gani, mama?"

"Wa moshi, si wa ndimi. Ukiona ndimi, huna maktaba."

Nyumbani, watu walimsubiri aliposhuka kwenye basi. "Iko wapi?" waliuliza. Aliwajibu kwamba ameleta wazo, na anatafuta sanduku. Fundi Polikarpi alimtengenezea moja kwa mbao zilizobaki kwenye mlango wa kanisa, akakataa kulipwa hata misumari.

Kisha akakosea. Alipeleka sanduku mashineni, kama Xaveri alivyosema. Siku tatu nzima alipata wateja wawili.

"Nilisahau kitu kimoja," anasema, akijicheka hadi anapangusa machozi. "Sisi tunakula ndizi! Nani Nkwenda anapanga foleni ya unga?"

Mmoja wa wale wawili alikuwa Mukamusoni, aliyekuja na mtama wake. Alimhurumia mama aliyeketi peke yake na sanduku. "Mama," alimwambia, "watu wa hapa wanasubiri kwenye kahawa."

Msimu wa kahawa ulipofunguliwa, Adventina alikuwa kwenye foleni. Juni waliazima watu ishirini na watatu. Julai, hamsini na wanane. Ilibaki Agosti, na siku za mwanzo mvua isiyo na msimu ilifunga mizani kwa juma zima.

"Usingizi ulinipaa," anasema. "Lakini mizani ilipofunguliwa, kila mtu alikuwa ameleta mwenzake."

Mwisho wa Agosti aliweka daftari mezani mbele ya halmashauri. Mzee Rwegoshora alihesabu majina kwa kidole, akarudia. Yalikuwa tisini na manne. Jina la tisini na mbili lilikuwa la mke wake.

Chumba kikabaki maktaba. Kahawa nayo haikuachwa ilowe. Wale wale wa foleni walijenga banda la miti na bati kando ya mizani, kwa Jumamosi mbili, wanawake wakipika ndizi za wajenzi.

Sasa wakutubi wa Mwanza wamemwandikia. Mwakani wanataka azungumze nusu saa mkutanoni, na amekubali. Kabla ya hapo anataka sanduku la pili, litakalokwenda Kimuli, na Mukamusoni ndiye atakayekuwa mkutubi wake. Therese na Xaveri wameahidi kumtumia vitabu ambavyo kwao viko viwili viwili.

Atavihitaji. Juma lililopita Mzee Rwegoshora alipita maktabani na kuchungulia ndani. Rafu tatu zilikuwa tupu kabisa, vitabu vyote viko majumbani mwa watu.

"Mama Adventina!" aliita kutoka mlangoni. "Mbona chumba kitupu? Tulete kahawa?"

"Lete, mzee," alimjibu bila kuinua kichwa kwenye daftari lake. "Mkeo akirudisha vitabu vyangu vitatu, utakuja kuihamisha."