Milango ya Muzee Beton

Nilikwenda Bunia kumtoa mwalimu wangu, kwa nguvu ikibidi. Sisi aliotufundisha kuchora nyumba tulikuwa tumekimbilia Butembo, na vita ya Ituri ilipopamba moto wenzangu walinichagua mimi, kwa kuwa ni mkaidi kama yeye.

Tulimwita Muzee Beton, yaani Mzee Zege. Alisomea Ubelgiji, akarudi kujenga kwa zege tupu, paa bapa na kuta zenye matundu ya kupitisha hewa. Wenzake walihamia Kinshasa kujengea wakubwa majumba. Yeye alibaki, akitukanwa kila mvua paa lilipovuja.

Baada ya mji wa Komanda, vijana wenye silaha waliofunga barabara kwa bariyera walifungua michoro yangu.

"Nani anajenga sasa?" mmoja akauliza, wakacheka. Swali hilo liliniudhi mpaka mjini.

Bunia, mtaa wa Bigo, nilimkuta kwenye ukumbi aliojenga ujanani. Familia zilizokimbia Djugu zilikuwa zinalala humo. Ukumbi ule ulikuwa na milango kila upande, na kila mlango ulimgombanisha na waliolipia ujenzi. Kwake hatukuruhusiwa kuchora mlango kabla ya kutaja atakayepita.

Mama Furaha, aliyewaongoza wakimbizi, alikuwa amekusanya matofali aizibe milango, abakize mmoja wa kulindwa.

"Batu ba bunduki bataingia fasi yote, kila mulango," alisema. Mimi nilimuunga mkono. Nani asingemuunga?

Muzee aliweka kiti katikati ya mlango wa nyuma, akakaa. "Nyumba ya mulango moja iko mutego. Munizibe na miye humu."

Hakuna aliyethubutu. Nilimkasirikia kweli, maana niliona anatetea jina lake kuliko watoto wa watu.

Asubuhi iliyofuata risasi zililia barabarani, mbele ya ukumbi. Watu walitoka kwa milango ya nyuma na ya pembeni, wakateremka kuelekea mtaa wa Ngezi bila kukanyagana. Wenye bunduki walipoingia walikuta mikeka tu. Hata mimi nilipita kwenye mlango niliotaka uzibwe.

Jioni, wenye bunduki walipokwisha kuondoka, tulirudi. Mama Furaha alichukua matofali yake, akayapanga mafiga, akabandika sufuria ya maharage.

"Muzee, kuya kula," alisema, akampa sahani ya kwanza.

Nilimwambia Muzee gari linaondoka kesho.

"Enda, mutoto yangu. Miye nikienda, bataziba."

Sikubishana tena. Nilimwachia futi yangu ya kupimia nikapanda lori peke yangu.

Butembo, wenzangu walinilaumu. Niliwaambia waende wao wamtoe, kama wanaweza. Nilikuwa nimejifunza ukaidi wake unamlinda nani.

Wiki hiyo mfanyabiashara mmoja aliniagiza ghala lenye mlango mmoja wa chuma.

"Nani atalala ndani?" nikamuuliza.

"Bazamu, balinzi ba usiku."

"Basi nitachora milango miwili."

Akasema atatafuta mchoraji mwingine. Nikasimama, nikamfungulia mlango.