Mashangingi Mawili na Nyonga ya Mama

Mama aliponiambia kwamba haendi tena kliniki, nilikuwa nimemshikilia mlango wa gari atelemke. Tulikuwa tumerudi Ruaruke kutoka Kibiti, safari ya pili tangu afanyiwe upasuaji. Alishika bega langu, akatanguliza mguu mzima, akauvuta ule mgonjwa taratibu, akajipanga juu ya magongo yake. Halafu akasema ahsante, amefika, na nisihangaike tena.

"Mguu ni wangu," alisema. "Ukitaka kukaa, nitakaa nao."

Mama yangu si mtu wa kulalamika, na ndiyo maana maneno yale yalinitisha. Alikuwa ameteleza kisimani akavunjika nyonga, akapelekwa mjini, akawekewa chuma. Daktari alituambia kazi yake imekwisha, iliyobaki ni ya mazoezi: kila baada ya wiki mbili aende hospitali Kibiti, mtaalamu amnyooshe na kumtembeza. Akiacha, nyonga itakakamaa na misuli italegea, na hapo atakuwa mtu wa mkekani mpaka mwisho. Huyu ni mwanamke aliyekwenda shambani bondeni kwa miguu maisha yake yote, na aliyekuwa akituacha nyuma sisi wanawe tukimlilia atusubiri. Sikuweza kumfikiria amekaa.

Kosa nililiweka kwenye gari. Ninalo shangingi la zamani, la viti saba, ambalo zamani lilikuwa jeupe. Kwa familia ni gari la harusi, misiba na sikukuu. Kwangu mimi, mfanyabiashara wa mchele, ni lori lenye vioo. Miaka ya nyuma lilikuwa linakalia matako kila nikipakia, mpaka fundi mmoja wa Nyamwage akaongeza vyuma kwenye springi za nyuma. Tangu siku hiyo nikiweka magunia sita halishuki hata kidogo. Nililisifu sana lile gari. Shemeji yangu, mume wa dada, aliliita trekta, nami nikamjibu kwamba trekta angalau linalisha watu.

Kwa ajili ya Mama nililiandaa kama chumba cha bi harusi. Nilishusha magunia yote, nikafagia vumbi la pumba, nikakunjua viti, nikatandika godoro la sponji na mito mitatu. Asubuhi ya safari walikuja wanawake watatu wa jirani, wameoga, wamejifunga khanga nzuri, na vifurushi vyao mkononi. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anasindikizwa, na wanaosindikiza hawaulizi kama nafasi ipo, wanaingia. Mimi niliwazuia mlangoni. Niliwaambia kwa heshima zote kwamba mgonjwa anahitaji nafasi, anahitaji hewa, na wao watamkuta akirudi. Walirudi makwao na vifurushi vyao. Nikajiona mtoto mwenye akili kuliko wote kijijini.

Barabara ya kutoka kwetu mpaka kwenye lami ni ya udongo, na kiangazi hujikunja mikunjo mikunjo kama bati. Gari likaanza kurukaruka nyuma. Si kutikisika, kurukaruka hasa, kila mkunjo na pigo lake, na mito yangu mitatu ikaanguka chini mmoja mmoja. Nikipunguza mwendo linadunda polepole, nikiongeza linadunda haraka. Mama alikuwa ameshika mpini wa juu kwa mikono miwili, midomo imekaza, na kila baada ya muda nilisikia "Ya Rabi" ndogo kutoka kwenye kiti cha nyuma. Tulikwenda hivyo mara mbili, kwenda na kurudi. Baada ya hapo ndipo alipotoa uamuzi wake mlangoni.

Nikaenda Kibiti kumpigia magoti shemeji. Yeye ana shangingi la kisasa, jeusi, ambalo amelipaki chini ya turubai kama vile jua litalila. Nilijiandaa kwa utani mrefu, lakini alipojua ni kwa ajili ya mkwewe alinipa ufunguo hapohapo, akachukua wangu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nisithubutu kuweka hata punje ya mchele ndani.

Sijawahi kuendesha kitu kama kile. Nilipoacha lami nikajikaza kwa mazoea, nikisubiri kipigo cha kwanza, na kipigo hakikuja. Mikunjo ilipita chini kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Kiti kilinikumbatia mgongo. Ubaridi ulikuwa unanipuliza magotini. Wivu ulinishika, siwezi kuficha, lakini juu ya wivu kulikuwa na furaha: nilicheka peke yangu njia nzima, nikisema basi, tumepona. Jioni hiyo nilimsihi Mama aende mara moja tu, kwa ajili yangu, na nikamwapia kwamba kesho hatasikia kitu. Alikubali kwa vile nilikuwa nimeshaanza kumkera.

Asubuhi wanawake walikuja tena. Safari hii nilikuwa mkali zaidi, maana viti vilikuwa vya rangi ya maziwa na gari halikuwa langu. Nikamwingiza Mama, akazama. Kiti kilikuwa laini mno hata magoti yakapanda juu ya nyonga, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa ametuonya hasa juu ya viti vya kuzama. Nikamwekea mto chini. Tulipoondoka, mto ukawa unateleza huku na yeye huku. Gari lile halikudunda, ni kweli, lakini liliyumba. Kila shimo lilizaa mawimbi matatu. Kila kona Mama alikwenda na kiti kizima upande mmoja, kisha akarudishwa upande wa pili, hana pa kujishikiza, mguu mgonjwa ukijikaza kumzuia. Kabla hatujafika kwenye lami aliniomba nisimamishe, akatapika kwenye ncha ya khanga yake ili asichafue viti vya watu.

"Hili la shemeji yako ni boti la Nyamisati," alisema akijifuta. "Tofauti ni kwamba kwenye boti naona naelekea Mafia."

Hospitali hawakumfanyisha chochote cha maana. Mtaalamu, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, alimpima mapigo ya moyo, akampa maji, akamwambia apumzike. Alinivuta pembeni na kunieleza kwamba nyonga imeanza kukaza, na kwamba wiki mbili zijazo asizikose kwa namna yoyote. Nilirudi nikiendesha kama nimebeba mayai, na bado liliyumba. Mama alifumba macho mpaka nyumbani. Nilikuwa nimejaribu gari gumu na gari laini, na sikuwa na gari la tatu.

Siku chache baadaye nilimkuta barazani na shoga yake, jirani yetu, ambao wamekuwa pamoja tangu wote wawili hawajaolewa. Nilianza hotuba yangu ya kliniki. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, mie safari siiogopi," alisema. "Unanitoa hapa mchana kweupe, peke yangu na mito, watu wamesimama wanatazama. Hata maiti husindikizwa."

Shoga yake aliangalia chini akaendelea kuchambua mchele. Nilikasirika kwanza. Nilitaka kusema kwamba nimefanya yote yale kwa ajili yake, kwamba wao hawaelewi mambo ya mgonjwa, kwamba gari si baraza. Kisha nikaona nyuso za wale wanawake niliowarudisha mara tatu wakiwa wamevaa khanga zao za kutokea, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilimwambia nimekosa. Nikamwambia waje wote.

Nilirudisha gari jeusi. Shemeji aliniuliza limekwendaje, nikamjibu ni zuri sana kwa mtu asiyeumwa. Nikachukua trekta langu, nikalala na wasiwasi. Niliona nimebadilisha aibu kwa maumivu tu, na kwamba safari hiyo itakuwa ya mwisho kweli.

Asubuhi walikuja wanne, si watatu. Nilikuwa na magunia mawili ya mteja wa Kibiti ambayo sikuyashusha, kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa na sikuona tena faida ya kufagia. Mmoja wa wanawake akaja na kiroba cha mchele cha binti yake aliyeolewa mjini, mwingine na ndoo ya samaki wakavu. Nikapakia vyote. Mama akaingia katikati ya kiti, shoga yake akambana kulia, mwanamke mwingine mnene akambana kushoto, wawili wakakaa nyuma na mizigo. Hapakuwa na nafasi hata ya mto mmoja. Nikasema moyoni, haya, na liwe.

Tulipofika kwenye ile mikunjo nilikaza meno nikisubiri "Ya Rabi." Nilisikia mazungumzo. Walikuwa wanasema habari za harusi fulani ambako pilau lilikuwa halitoshi, na mwanamke mnene alikuwa anaiga sauti ya mama mwenye shughuli. Nikaongeza mwendo kidogo kujaribu. Gari lilikuwa limetulia chini, zito, linakwenda kama linavyokwenda kila wiki nikipeleka magunia mjini. Nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa anacheka, kiganja mdomoni, na mpini wa juu hakuushika. Hakuwa na haja nao. Wenzake walikuwa wamemkaza pande zote mbili, akiyumba wanayumba naye.

Nilisimamisha gari kwa kisingizio cha kutazama tairi. Nikainama nikatazama zile springi nilizoongezewa Nyamwage, zimelala sawasawa, kwa mara ya kwanza katika safari zote za Mama. Ndipo nikaelewa ujinga wangu. Vyuma vile viliwekwa kwa ajili ya mzigo; bila mzigo havilali, vinadunda. Kila wiki nilikuwa nalipakia mchele likaenda vizuri, na siku ya kumbeba mama yangu ndiyo niliyotoa kila kitu ndani, watu kwanza. Nilicheka nikiwa nimechuchumaa pale vumbini, mpaka shoga yake akaniuliza dirishani kama tairi linachekesha. Tulipoikaribia lami Mama alikuwa amelala, kichwa begani kwa mwenzake, na wengine walikuwa wanaongea kwa kunong'ona.

Mazoezi yalikwenda saa nzima. Mtaalamu alimwondolea gongo moja, akamtembeza ukumbini kwa lile lililobaki, hatua fupifupi, wanawake wanne wakimfuata nyuma kama wanapeleka mali ya posa. Alikwenda mpaka ukutani, akageuka mwenyewe, akarudi. Nilitoka nje nikasimama upande wa pili wa gari, nikalia kidogo. Nilikuwa nimebeba hofu ile kwa wiki nyingi bila kujua uzito wake.

Alipoletwa mlangoni, nilimpokea gongo nikampa mkono. Hakuushika mara moja. Aligeuka kwa mtaalamu aliyekuwa amemsindikiza, akamuuliza tarehe ya kurudi ni ipi, akaitaja mara mbili ili asiisahau. Kisha akaniambia nimwache aingie mwenyewe.