Kosa Alilolitafuta Mzee Mkato

Ofisini walimwita Binti Mkato, ingawa hakuwa na undugu na yeyote pale. Jina lilitoka kwa mwalimu wake, Mzee Mkato, mwandishi wa programu mwenye mvi, ambaye alama moja ya mkato ikikaa pabaya alifoka kama aliyekanyagwa kidole kibovu.

Mzee ndiye aliyemfundisha kusoma programu zilizokufa.

"Programu ikianguka, mwanangu, huacha faili. Kumbukumbu yake yote imo humo, kama ilivyokuwa saa ile, pamoja na orodha ya sehemu zilizokuwa zikiitana. Ila orodha inakuonyesha ilipoangukia tu. Ilipojikwaa, utapatafuta mwenyewe."

Asubuhi moja programu ya kupanga magari ya wagonjwa ilianguka kwa dakika arobaini. Bibi mmoja akafia sebuleni kwake akisubiri gari. Meneja aliitazama orodha. Juu kabisa palikuwa na sehemu aliyoiandika Mzee Mkato. Hakuangalia zaidi, akamfukuza kazi. Mzee naye hakubisha. Alichukua kikombe chake na nakala ya kazi yake kwenye karatasi, akaenda zake.

Lile faili lilibaki kwa Binti Mkato.

"Yamekwisha hayo," meneja alimwambia. "Usifukue kaburi."

Naye, kusema kweli, hakuwa na hamu ya kufukua. Mara mbili alitaka kulifungua, akaacha. Miezi mitano ikapita hivyo.

Kisha programu ikaanguka tena, safari hii kwenye majaribio, na hapakuwa na Mzee wa kumtwisha lawama. Ndipo alipolifungua lile faili la zamani, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Sehemu ya Mzee haikuwa na doa. Ilipokea namba ya gari iliyokwisha kuharibiwa. Kando ya namba hiyo palikuwa na nafasi ya kuwekea jina la mtaa, herufi thelathini na mbili basi. Siku ile kulikuwa kumeingizwa mtaa mpya wenye herufi thelathini na tisa. Zilizozidi zilimwagikia kwa jirani.

Sehemu ile ya mitaa aliiandika yeye, mwaka wake wa kwanza kazini.

Mchana uleule alipanda ngazi hadi nyumbani kwa Mzee. Mkewe alifungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hukupata habari?"

Mzee alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma.

Ndani, mezani, palikuwa na rundo la karatasi. Kila mstari ulikuwa na kidoa cha kalamu nyekundu pembeni. Mingine ilikuwa na vitano, sita.

"Kila siku akishakunywa chai, anakaa hapo," mama alisema. "Namwambia, baba, pumzika. Ananijibu, limo humu, sijaliona tu."

"Halikuwemo, mama. Kosa lilikuwa langu."

Mama alianza kuzipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Alisema kuna faili. Wangempa, angelimaliza siku moja. Nani alikuwa nalo?"

"Mimi."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Basi nenda nyumbani. Sikufukuzi, mwanangu. Ila leo siwezi kukutazama."

Siku ya pili Binti Mkato aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaeleza kila kitu na kuweka jina lake. Meneja alimsihi: maji yakimwagika hayazoleki, ya nini kujichongea? Hakumsikiliza. Aliituma kwa wafanyakazi wote na kwa jamaa za yule bibi. Kabla ya saa sita alikuwa amesimamishwa kazi.

Nakala moja aliipeleka mwenyewe kwa mjane wa Mzee. Alibisha hodi, kimya. Akaipenyeza chini ya mlango. Alisikia miguu ikija, karatasi ikiokotwa. Alingoja kidogo pale kwenye ngazi. Mlango haukufunguliwa, akashuka.