Matundu ya Nyumba ya Mgiriki

Baba yangu alitumikia jeshi kwa muda mrefu, na kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumbishia habari za risasi. Tuliporudi kutoka Zaire, tulikokimbilia vita, katikati ya miaka ya themanini, tukaikuta nyumba ya Mgiriki imejaa matundu, na baba akayasoma kama mwalimu anavyosoma daftari. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akitikisa kichwa. "Hii iko ya raifoli," aliniambia. "Hii iko ya bombom, ile bunduki kubwa, ona vile imekula sementi. Alipigia kutoka kule, kwa kichuguu." Nilitazama kichuguu. Kwa kweli kilikuwa kinatia shaka.

Nyumba hiyo ilikuwa nje kidogo ya Koboko, ukiifuata barabara ya kwenda Kuluba. Ilijengwa zamani na mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akinunua tumbaku, na alijenga kama kwao: paa la vigae vyekundu, baraza refu, chokaa nyeupe kila mahali, na kuta nene kiasi kwamba paka angeweza kuzalia dirishani. Mwenyewe aliondoka kabla sijazaliwa. Baba aliipata kwa waliobaki nayo, akawapa kiwanja chetu cha karibu na soko, na mji mzima ukamcheka. Maana kila kitu cha kuchukulika kilikuwa kimechukuliwa tulipokuwa ukimbizini. Milango ilikwenda, madirisha yalikwenda, hata misumari iling'olewa kuta zikabaki tupu. Vigae ndivyo vilivyosalimika, nadhani kwa sababu hakuna mwizi anayetaka kukimbia na kigae kichwani.

Wacheke wapendavyo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimekulia kwenye vibanda vya nyasi vya watu wengine, na sasa nina ukumbi unaonijibu nikiimba. Siku ya kwanza nilikimbia chumba hadi chumba, nikirudi baba ananiuliza kama nimeumwa na nyuki. Nilikuwa na wazimu wa furaha, sioni neno lingine.

Kilichokosekana ni mama. Alikuwa bado Zaire, upande wa Ariwara, kwa kaka yake, na alikuwa na pumu. Alituambia wazi tulipoagana. "Nitakuja kutembea tu," alisema, kwa Kiswahili chake kilichokwisha kula mihogo ya kule. "Nyumba ikinipa pumuzi, nitabaki. Isiponipa, ntarudia kwa kaka yangu, na ninyi mtakuwa munakuja kuniona." Ndugu zangu wote walikuwa wamejitawanya Sudani na kwingineko. Kama mama asingekaa, ningebaki mimi na baba na mwangwi wetu. Nilimtaka mama yangu, basi.

Kwa hiyo kila tulichotengeneza tulikitengeneza kwa ajili ya kifua chake. Jiko tulilitoa ndani, tukalijenga nyuma ya nyumba, upande ambao moshi unakwenda shambani na si chumbani. Mbele ya baraza tulisimamisha miti, nikapandisha mipasheni iweke kivuli. Madirisha tuliyawekea milango ya mabati, ya kufungwa jioni kwa komeo, kwani miaka ile hakuna aliyelala na dirisha wazi. Chokaa iliagizwa Arua. Niliichanganya mwenyewe, nikaipaka mwenyewe, nikabaki na nywele za bibi kizee kwa mwezi mzima.

Halafu yakaja matundu. Baba alisema vumbi ndilo adui wa pumu, na vumbi linapita kwenye matundu, na katika hilo alikuwa na haki. Tulianza chini, penye makovu makubwa ya vita. Tukapanda. Juu kabisa, karibu na dari, tulikuta mstari wa matundu ya mviringo, yamejaa udongo wa nyigu, yamepangwa sawasawa kama vifungo vya koti. Baba akavua kofia.

"Huyu alikuwa mupigaji," alisema kwa heshima. "Ona laini, mustari sawa. Mutu kama huyu hapana patikana tena."

Niliyaziba yote, nimesimama juu ya meza, na meza juu ya pipa, baba akishikilia na kutoa amri. Tulipomaliza akafunga madirisha na mlango adhuhuri na jua kali, tukasimama ndani gizani tukitafuta nuru. Haikuwepo hata chembe. Nilipiga vigelegele. Baba akapiga mguu chini, akageuka nyuma kijeshi, akagonga pipa, tukacheka mpaka tukakaa sakafuni. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama nilivyojivunia giza lile.

Mama alifika amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, na furushi moja na kuku mmoja. Aliisifu chokaa. Aliligusa jiko, akasema ni jiko la mtu mwenye akili, nikavimba kichwa. Lakini furushi hakulifungua. Aliliweka karibu na mlango, likiwa na fundo lake la safari, nami nikawa kila nikipita nalitazama kwa jicho la pembeni kama mgeni asiyetaka chai.

Usiku ule alilala amekaa. Uliofuata alitoka na mkeka akaenda barazani, na baba akatoka kumlinda na panga, wakarudi asubuhi wote wawili macho mekundu. Chumba kilikuwa kisafi, hakina vumbi, hakina moshi, na hewa imesimama ndani kama maji ya mtungi. Kifua chake kilipiga filimbi. Siku ya soko akasema baiskeli ikipita aitiwe.

Nilimgeukia baba. Mimi hasira yangu ni ya karibu, haihitaji kutumwa. Nilimwambia ametuletea boma la kuhifadhia maiti, na kwamba kiwanja cha sokoni angalau kilikuwa na upepo. Aliketi kizingitini akageuza kofia yake mikononi, na hilo likanikasirisha zaidi, kwa sababu nilimwona kuwa naye anaogopa kubaki bila mama.

Mama alikuwa amejilaza kungojea baiskeli. Alikuwa chali, anatazama juu. "Yale mabaka ya sementi," akauliza, "ni ya nini?"

Baba akainuka. Ukimuuliza habari za risasi anainuka hata akiwa na homa. Alimweleza habari ya mpigaji hodari, laini yake, shabaha yake. Mama alisikiliza vizuri sana.

"Na alipigia kutoka wapi?"

"Kule, kwa kichuguu."

"Ukuta wa huku nao iko na laini. Alizunguka?"

"Walikuwa wawili," baba akasema.

"Na hii?" Mama akanyoosha kidole kwenye ukuta wa katikati, kati ya chumba chake na ukumbi, juu ya mlango. Laini ileile, ya mviringo, nimeiziba kwa mkono wangu. "Hii alipiga akiwa wapi, Afande? Alikuwa amelala nawe kitandani?"

Baba akautazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama ukuta tena. Mama alianza kucheka, na kicheko kikamtoa kikohozi, na kikohozi kikamrudisha kwenye kicheko, nikawa namsugua mgongo nami nimekatika mbavu. "Muzungu wa watu alitoboa nyumba ipumue," alisema alipoweza, "mukamuziba pua."

Kilichofuata si ukarabati, ni vita vya pili. Baba aliikwea meza na pipa mwenyewe, hakutaka kusikia habari za umri wake, akiwa na nondo na nyundo. Tundu la kwanza lilipofunguka, vumbi na viota vya nyigu vilimwagika kichwani pake, na nyuma yake ukaja upepo. Si mkubwa. Ulikuwa upepo wa kawaida wa Koboko, wenye harufu ya majani makavu. Ulipita juu ya mlango ukaenda ukumbini, na kumbe kule nako ulikuwa na tundu lake la kutokea. Nilipiga kelele kama mtoto. Tukafungua jingine, na jingine, tukakimbizana chumba kwa chumba, mimi nikipigia huku na yeye kule, tukijibizana ukutani kama wehu. Chokaa yangu ilichafuka yote na sikujali hata kidogo.

Kwa wazimu ule hatukuchagua. Baba alizibua hata ya raifoli, hata ya bombom. Jioni tulirudi na sementi kuziba yaliyokuwa ya vita kweli. Moja lilikuwa chini, upande wa kichwa cha kitanda cha mama, limeingia mshazari, baya, na kingo zimemeguka. Baba alipopiga magoti na mwiko, mama alimshika mkono.

"Hiyo wacha," alisema. "Upepo yake inanipiga hapa kwa uso vizuri."

Baba alibaki amepiga magoti, sementi ikimdondoka. Alikuwa amepigana maisha yake yote, na nadhani hakuwahi kuambiwa kuwa risasi imemfaa mtu.

Baiskeli ilipita, hakuna aliyeiita. Mama alilivuta furushi lake, akafungua fundo kwa meno, akatoa gauni lake la Idi, akalikung'uta, akazunguka nalo chumbani akitafuta pa kulitundika. Ukuta ulikuwa mtupu. Aliuliza kama nyumba hii nzuri hivi haina hata msumari, na baba, aliyekuwa ameapa kwamba hakuna tundu jingine litakalotobolewa pale, akachukua nyundo akaenda kumtobolea.