Hajati Aliyetaka Nyimbo Zake Zifutwe

Habari ya kifo chake niliipata nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaitoa chini ya kitambaa. Lilikuwa kundi la mtaa wetu. Mtu alikuwa ameandika kwamba Hajati ametutoka alfajiri na mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri. Zikafuata innalillahi, zikafuata vile vikatuni vya nyuso zinazolia, na katikati ya pole zote hizo mtu mmoja, sijui alifikiria nini, akatuma wimbo wa marehemu. Haukukaa. Kabla sijaugusa ulikuwa umeshaondolewa, pamebaki yale maneno ya simu kwamba ujumbe huu umefutwa. Kinyozi, ambaye kazi yake ya pili ni kusoma simu za wateja juu ya bega lao, akasema, "Angalau uyo mumoja amemusikiliza." Nilicheka, Mungu anisamehe. Wasomaji ambao hawakumjua watauliza kuna nini cha kuchekesha hapo, na jibu lake ni refu kidogo.

Tusidanganyane, hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu tunayefahamiana naye, kama wanavyofahamiana watu wote wa mji huu ambao wazee wao walikuwa Waislamu wa Bujumbura tangu zamani. Mchana alikuwa fundi cherehani, na siku za harusi alikuwa mwimbaji. Kwa miaka mingi harusi ya Waswahili ambayo hakuimba yeye watu waliisimulia kwa kuipunguzia sifa. Alialikwa pia na majirani Wakristo wa Nyakabiga, na hata Kigobe, kwenye mahema ya wakubwa wa serikali, alikwenda na matari yake na kuwataja mawifi mmoja baada ya mwingine kwa tabia zao, nao wakacheza huku wamenuna. Mimi binafsi sikuwa mpenzi wa nyimbo zile. Nilimwona ana makelele, na sauti yake ilikwaruza. Lakini katika jambo hilo nilikuwa peke yangu, na mke wangu hakuacha kunikumbusha.

Siku zile mtu akiimba alikuwa ameimba, basi. Wachache walirekodi kwa kanda, na kanda ilikaa kabatini mpaka ikaliwa na fangasi. Kisha mfanyabiashara mmoja wa simu pale mtaa wa Asiatique akapata mashine ya kuhamisha kanda kwenda kwenye simu. Watu wakamletea kanda zao kwa mifuko. Nyimbo za harusi zilizokuwa zimelala zikaamka, zikavuka mpaka kwenda Uvira, zikapanda ndege hadi kwa watu wetu walioko Kanada na Uswidi, ambao wengine hawakuwa hata wamezaliwa bibi harusi anayeimbiwa alipotoka kwao. Mwimbaji mwenyewe hakujua. Alikuwa na simu ya tochi, ya kupigia na kupigiwa, na aliridhika nayo.

Mwaka wake wa mwisho ulianza kwa safari. Watoto wake walimpeleka hija. Aliporudi alitangaza, mbele ya wageni waliokuja kunywa zamzam, kwamba kuimba ameacha. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mtu akitoka Makka huacha mambo fulani, na waimbaji waliomtangulia waliacha vilevile, mji ukawaelewa, ukawaita kwa majina mapya, na habari ikaisha. Ya kwake haikuisha. Ilikuwa imeshaharibika tangu njiani, kwa sababu dereva wa teksi aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege alikuwa amemwandalia heshima ya pekee: alimwekea wimbo wake mwenyewe. Hajati akaanza kulia pale kiti cha nyuma. Dereva akadhani ni furaha, akaongeza sauti.

Wiki chache baadaye alikuja kwangu. Alikaa, akakataa chai, ishara kwamba jambo ni zito.

"Mudogo wangu," akasema, "we unaandika mu gazeti. Andika watu wafute nyimbo zangu."

Nikamwambia, "Hajati, nikiandika hivyo, hata wasiokuwa nazo watazitafuta."

"Basi ninyi watu wa gazeti munafanya kazi gani?"

Swali hilo bado linanisumbua. Akaendelea, safari hii kwa upole. "Sikia. Mi nimeacha, lakini iyi sauti haijaacha. Nikilala, iko inaimba. Nikisimama mu sala, iko inaimba, na mutu anakunywa pombe yake na kucheza. Sasa nikifa je? Niko mu kaburi, na huku juu bado naimba? Nani ataandikiwa dhambi, si mimi?" Aliniangalia kama mtu anayeuliza njia. Niliona kwamba anaogopa kweli. Huo haukuwa uchamungu wa kujionyesha. Alikuwa mama mtu mzima anayeogopa, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia.

Kuandika nilikataa, na sababu yangu ilikuwa nzuri. Lakini mke wangu aliyekuwa akisikiliza jikoni alinitazama kwa jicho lile, nikajikuta nimekubali kumsindikiza nyumba kwa nyumba, akazifute mwenyewe. Simu za mji huu zimejaa Kifaransa, na Hajati Kifaransa chake kilikuwa cha sokoni. Kazi yangu ilikuwa kumsomea: hapa panasema futa, hapa panasema ghairi, hapa mashine inauliza kama una hakika. "Muambie nina hakika!" alikuwa akisema kwa hasira, kana kwamba kuna mtu ndani. Na mwanamke huyu ambaye hakuwahi kumiliki simu kubwa, hakujua kupiga picha wala kutuma ujumbe, alijifunza jambo moja tu la teknolojia mpya, akalijua vizuri kuliko vijana wengi. Alijifunza kufuta.

Watu walikuwa na adabu sana, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Nani amkatalie mama aliyetoka Makka? Walimkaribisha, wakampa simu, akafuta, wakamwombea dua, na alipotoka tu mlangoni wakaomba watumiwe tena na binamu. Yule mfanyabiashara wa Asiatique alifuta mbele yake nyimbo zote, kwa mkono wake, tena kwa huzuni ya kuigiza. Baada ya mwezi Hajati akarudi dukani. Alikuwa ameambiwa mahali fulani kwamba simu ina kapu la taka ambamo vilivyofutwa hukaa vikisubiri. "Fungua na kapu," akamwambia. Jamaa akatoa jasho. Kapu lilikuwa limejaa.

Alikwenda Rumonge, akaenda Uvira kwa dada zake, kila safari ikiwa ya kufuata nyimbo. Mtu mwingine akamshauri arekodi ujumbe wa sauti, usambae kama zilivyosambaa nyimbo. Akarekodi. "Enyi ndugu zangu, mi nimerudi kwa Mungu, naomba mufute," na kadhalika, kwa ile sauti yake. Ujumbe ulisambaa kuliko alivyotarajia. Kijana mmoja wa studio aliuchukua, akautia ngoma chini yake, "mufute, mufute" ikawa kiitikio, na Hajati alipofika Uvira kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake alikuta watu wanaucheza. Alinisimulia mwenyewe. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kijana yule ana kipaji, halafu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siku ninayotaka kuieleza hasa ni ya Nyakabiga. Tulikwenda kwa mwanamke mmoja Mkristo mwenye duka dogo la vyakula mbele ya nyumba, ambaye Hajati aliimba kwenye harusi yake zamani, kwa ujirani tu. Alitupokea kwa shangwe. "Mana yanje, Mungu wangu, Hajati, umekonda!" Akatuletea vinywaji. Alipoelezwa sababu ya kuja, uso ulimbadilika kidogo, lakini akaitoa simu, akautafuta wimbo mwenyewe, akamkabidhi. "Futa tu, mama. Ni yako."

Hajati hakuwa na desturi ya kusikiliza kabla ya kufuta. Hakutaka kujisikia. Lakini simu ile kioo chake kilikuwa kimepasuka, kidole kikagusa pasipotakiwa, na rekodi ikaanza. Kwanza vurugu za watu. Halafu sauti ya mama mmoja, karibu kabisa na kinasa sauti, inakaripia: "Muletee wageni viti! Wamesimama, na ninyi munaangaliaangalia nini?" Kisha kicheko kilichoingiliwa na kikohozi, kisha yule yule mama akapiga vigelegele. Hajati akasimamisha kabla sauti yake mwenyewe haijaingia.

"Uyo ni nani?"

"Ni mama," mwenye duka akajibu.

"Marehemu?"

"Ego, ndiyo."

"Uko naye mahali pengine? Video, kitu?"

"Apana. Picha tu. Alikuwa hapendi watu wamurekodi. Sauti iko hapo tu."

"Na ulitaka nifute?"

Mwanamke akatazama chini. "Uliomba, Hajati. Ningekatalaje, na we ndiye uliniimbia?"

Hajati alirudisha mwanzo. Viti, kicheko, kikohozi, vigelegele, akasimamisha. Akarudisha tena. Mteja aliita dukani, hakuna aliyemjibu, akaondoka. Mwishowe Hajati akamrudishia mwenyewe simu yake, akaikunja mikono ya yule mwanamke juu yake. "Weka," akasema. "Usimupe mutu akufutie iyi. Hata mimi nikirudi."

Garini aliangalia nje dirishani mpaka tulipokaribia kwake. Nilidhani anafikiria dhambi zake kama kawaida. Kumbe alikuwa na hesabu nyingine. "Mudogo wangu," akasema, "na kule kwingine kote, Rumonge, Uvira, nilifuta bila kusikiliza. Nimefuta mama za watu wangapi?" Nilimwambia wengi wao walikuwa wameshazirudisha nyimbo, walimdanganya tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu akimshukuru Mungu kwamba alidanganywa.

Hakumwendea mtu tena. Lakini hofu yake haikuondoka, na sitaki kuipamba hadithi hii kwa kusema kwamba iliondoka. Alikuwa amekamatwa pande zote mbili: nyimbo zikibaki anaogopa kaburi, zikifutwa anaogopa macho ya yule mwanamke wa Nyakabiga. Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku ile. Zamani mtu akitubu, mji ulimsaidia kwa kusahau. Sauti ilizeeka, kanda ililiwa na fangasi, majirani walihama, na baada ya muda hakuna aliyeweza kuapa uliimba nini. Kusahau huko kulikuwa wema ambao hatukujua kwamba tunafanyiana. Mashine hizi hazina wema huo. Zinamtunza mwimbaji wa jana zikimweka kando ya Hajati wa leo, na anayetaka kubadilika inambidi agonge nyumba moja moja akiomba. Upande mwingine, ni mashine hizohizo zilizomtunza mama akikaripia watu walete viti, jambo ambalo hakuna kaburi wala picha ingeweza kulitunza. Mimi ni mtu wa kulalamika juu ya simu, wasomaji wananijua. Juu ya hili nimeshindwa kulalamika sawasawa.

Alipougua nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa nguo nyeupe, mwembamba sana. Aliniuliza kama bado naandika gazetini. Nikasema ndiyo. "Basi nikiondoka uandike," akasema. "Ule wakati ulikataa, sawa. Sasa usikatae. Lakini usiwaambie wafute."

"Niwaambie nini, Hajati?"

Alifikiri. "Waambie mwenye wimbo wangu asikilize kama anataka. Lakini kwanza aseme, Mungu umusamehe. Kabla ya kubonyeza. Hata kama ni mulevi, hata kama si Muislamu, aseme tu. Watu ni wengi, dua zitakuwa nyingi." Halafu akatabasamu, na yule mwimbaji wa mawifi akaonekana kidogo. "Kama wataendelea kunichezesha na mi niko mu kaburi, basi wanilipe."

Nimeandika, Hajati. Nililojifunza kwako ni kwamba sauti ya mtu haiwi yake peke yake ikishaingia nyumbani kwa watu, na kwamba ambaye hawezi kurudisha alichokwisha kukitoa bado anaweza kuomba aombewe, wala hakuna aibu katika kuomba. Sikuwa na wimbo wake hata mmoja, kwa sababu nilizozitaja. Juzi niliomba nitumiwe, nikafunga mlango, nikasema maneno aliyoyataka, halafu nikabonyeza. Sauti ilikwaruza kuliko nilivyokumbuka. Niliusikiliza mpaka mwisho, nikasema tena maneno yale, nikaurudisha mwanzo.