Sukari ya kilo nne iliyokwama kati ya Arua na Koboko

Rafiki yangu unayesoma, nakuambia hii kama mtu ninayeweza kumwachia ufunguo wa nyumba. Wakuu wengine wote humu kundini, salaam aleikum.

Mimi ni mzee sasa. Simu si yangu, mwenyewe mtamjua mbele. Nimetawadha kabla ya kuanza, kwa hiyo msitegemee chumvi.

Ilikuwa miaka ya Serikali ya jeshi. Mimi niko na miaka arobaini na kidogo, nakaa Arua, napika mandazi na kashata sokoni. Binti yangu Zaina ameolewa Koboko. Akazaa mtoto wa kwanza, msichana.

Sasa kwetu Wanubi, siku ya saba mtoto anapewa jina. Na sukari ya siku hiyo inatoka kwa mama wa mzazi, si upande wa mwanamume. Haboba, yaani bibi, asipofika na sukari, binti yake atasemwa mpaka azeeke.

Na mama mkwe wa Zaina, Mama Rajabu, alikuwa anaweza kusema.

Sukari wakati ule ilikuwa ngumu kupata. Pale Arua walikuwa wanampa mwenye leseni ya biashara tu. Mimi leseni iko. Karani wa ofisi ya wilaya akaniandikia kilo nne kwenye karatasi ya mhuri wa Kampala.

Nilikuwa nasoma shule ya jioni, ile ya watu wazima. Nikaisoma karatasi mwenyewe, polepole. Ilisema hii ni sukari ya biashara na inaweza kupita wilaya yoyote ya Uganda. Nikaweka sahihi, si kidole. Siku hiyo nilitembea kama mtu mkubwa.

Siku ya tano nikapanda lori.

Koboko ilikuwa imepewa wilaya yake, na pale mpakani mwa wilaya mbili kuna roadblock, gogo limelazwa barabarani. Askari mmoja mpole akasoma karatasi yangu, akairudia.

"Mama, hii sukari haiingii."

"Hiyo ni karatasi ya Kampala."

"Kampala iko mbali. Mkubwa wa hapa alisema sukari ya biashara ikitoka wilaya ingine, irudi. Ya sherehe inaingia."

"Basi hii ni ya sherehe. Mjukuu wangu anapewa jina."

"Hapa waliandika biashara."

"Bila biashara hawanipi."

"Kwa hiyo ulidanganya watu wa Arua?"

Nikaichukua karatasi yangu.

Wakuu, hebu simameni hapo na mimi. Arua kama si mfanyabiashara, hupati sukari. Koboko kama ni mfanyabiashara, hupiti. Sukari ni ile ile, mfuko ni ule ule, na mimi ni mimi. Nikisema biashara, Zaina anaaibika. Nikisema zawadi, nimejiita mwongo mbele ya Mungu na sahihi yangu iko pale.

Nikarudi Arua. Karani akacheka. "Amri ya Kampala inafika kila mahali, mama. Rudi, pita."

"Basi niandikie hivyo, niwaonyeshe."

"Hapana. Sisi hatuwezi kuandikia wilaya ya watu."

Kumbe inafika kila mahali, ila haiandikiki. Mpaka leo hiyo sijaielewa.

Siku ya sita niko roadblock tena, askari yule yule. Kwenye lori nilikaa na mama mmoja Mlugbara wa Aroi, jina Candiru, anapeleka simsim yake soko la Koboko. Simsim haikuwa kwenye amri, yeye hana shida.

Candiru akaniambia, "Dada, sema karatasi uliokota njiani, sukari ni ya sherehe."

"Halafu nitaswali namna gani?"

"Utaswali ukiwa Koboko. Ukikataa, utaswali hapa njiani mpaka mtoto aolewe."

Watu wa lori wakacheka. Mimi machozi iko karibu. Nikakaa chini juu ya mzigo wangu, nikaona sufuria mpya niliyombebea Zaina.

Nikamwuliza askari, "Chakula cha kupikwa kinaingia?"

Akafikiri. "Chakula hawakusema."

"Leseni yangu inasema nini?"

Akasoma. "Mandazi na kashata."

Basi. Kuni kulikuwa na mama anauza pale kando. Nikamwambia Candiru anipe simsim, nitamlipa kwa kashata. Nikawasha moto kwenye mawe matatu upande wa Arua, hatua tatu kutoka kwenye lile gogo la kizuizi, nikamwaga sukari yote kwenye sufuria. Kilo nne. Dereva analalamika, lakini harufu ilipotoka akazima injini mwenyewe.

Kashata zikakauka juu ya majani ya mgomba. Nikakata ya kwanza, nikamwendea askari.

"Nunua moja."

"Mama, unanihonga?"

"Nikikupa bure ndiyo hongo. Nunua, karatasi ya Arua isiwe uongo."

Akaniangalia sana. Akatoa sarafu, akalipa. Watu wa lori nao wakanunua kidogo. Hapo nikajua biashara nimefanya kweli, na zilizobaki naweza kuziita zawadi bila Mungu kunikunjia uso.

Akainua gogo. Lori ikiwa inapita, akanyoosha mkono kwenye beseni langu, akachukua nyingine.

Kesho yake Mama Rajabu akafunua beseni mbele ya wanawake wote. "Sukari iko wapi?"

"Iko ndani."

"Na chai itatafuna?"

"Watu watatafuna. Chai itafuata."

Wakanywa chai bila sukari, mkono mwingine kashata. Zaina alicheka mpaka akashika tumbo. Mtoto akapata jina lake, na mpaka leo hakuna aliyemsema mama yake.

Simu hii ni ya mtoto huyo. Sasa naye ni mama wa watu, anapeleka bidhaa kati ya Arua na Koboko, na juzi alikuwa ananiuliza afuate ofisi gani, ya Kampala au ya wilaya. Nimecheka tu.

Nilichojifunza: kabla hujauliza sheria inasemaje, uliza kwanza kitu chako wanakiitaje. Kampala walikuwa na jina lake, wilaya jina lake, na wote walikuwa wanaangalia mfuko mmoja.

Wanasheria mko humu, niambieni nani alikuwa sahihi. Na wengine naomba mpeleke habari hii kwa watu wenu, hasa wazee waliokuwa askari upande wa Koboko. Labda itamfikia yule.

Alilipa moja, akala mbili. Ile ya pili haikuwa biashara, na zawadi sikumpa. Hongo sikuitoa. Mwulizeni yeye aliiita nini.