Moto Kwenye Titi la Dada

Mama alipofariki, mwishoni mwa miaka ya sabini, dada yangu ndiye aliyenilea. Kwa hiyo alipotokewa na uvimbe kwenye titi, miaka mingi baadaye, nilichanganyikiwa kuliko hata mumewe.

Shangazi yetu wa Ambanoro alikuwa akiumika watu kwa pembe. Alingoja tarehe za witiri za mwezi mwandamo, zile zisizogawanyika kwa mbili, akachanja ngozi juu ya uvimbe, akafyonza kile alichokiita damu chafu. Maumivu yalipungua kwa siku chache, basi sote tukaona dawa ni hiyo. Mwezi uliofuata akarudia, na uliofuata tena. Kidonda kikagoma kufunga, titi likawa jekundu, la moto. Hapo ndipo tulipovuka bahari kutoka Andoany, kisiwani kwetu, kwenda hospitali ya Mahajanga.

Daktari hakumlaumu shangazi, na hilo liliniudhi, maana nilitaka alaumiwe mtu. Alinieleza, tukiwa wawili tu, kwamba saratani ilikuwapo kabla ya pembe. Ila mwili ukijeruhiwa hutoa kemikali za kuita msaada: damu ije, seli mpya ziote, kidonda kizibwe. Saratani nayo hunufaika na wito huohuo. Hujioteshea mishipa ya damu, hupata njia ya kusambaa. Ya dada ilikuwa imeshafika kwenye ini. Hata dawa za saratani zenyewe, alisema, huweza kushindwa mwili ukiwa unawaka namna hiyo. Nikamwuliza huo moto tuuzime vipi. Akasema kuna vidonge vya kuutuliza. Vingemrudishia hamu ya kula, lakini visingemponya.

Tulikuwa tumefikia kwa binamu yetu, mtaa wa Ampisikina. Baada ya vidonge vya mwanzo dada aliamka, akaoga mwenyewe, akaomba wali na samaki wa nazi. Binamu alilia kwa furaha, akaanza kupanga safari ya kurudi nyumbani. Nilimchukia kwa furaha yake. Nilikaa nikimwomba Mungu daktari awe mjinga, asiwe anajua chochote.

Dada alinitazama usoni muda mrefu, mkono ukiwa bado kwenye sahani. Siku zote tulizungumza Kimalagasi. Safari hii alisema kwa Kikomoro, lugha ya marehemu mama.

"Usiniambie bado. Nina njaa."

Nikamtolea samaki miiba, akala sahani nzima.